Safari ya wazee hadi Pwani si mbio: Jinsi ya kuipanga bila kuwachosha

WATOTO wanapokubaliana kuwapeleka wazazi wao wazee likizoni Mombasa, jambo la kwanza wanalofanya kwa kawaida ni kuchagua hoteli. La pili ni kutafuta tiketi. La mwisho, ambalo mara nyingi halifanywi kabisa, ni kumuuliza mzee mwenyewe magoti yake yana hali gani.

Matokeo yake yanajulikana katika aila nyingi. Baba aliyestaafu ualimu miaka kumi na mitano iliyopita anatolewa kijijini Kakamega alfajiri, anapakiwa garini pamoja na wajukuu na mizigo, anafika Nairobi jioni, na kabla ya uchovu kumtoka anapelekwa stesheni kupanda treni. Anafika baharini miguu imevimba, hana hamu ya chakula, na siku mbili za mwanzo anazimaliza kitandani. Picha zinapigwa na kutumiwa jamaa. Mzee anarudi nyumbani akisema alifurahi. Mwaka unaofuata akialikwa tena, anasema ana shughuli nyingi shambani.

Hiyo ni hasara isiyoonekana kwenye risiti. Kizazi cha Wakenya ambacho sasa kimetimu miaka sabini na zaidi ndicho kilicholipa karo na kujenga nyumba, kisha kikasahau kuitazama nchi yenyewe. Wengi wao wamesafiri, lakini kwa ajili ya mazishi, harusi na matibabu, tena usiku. Safari ya kwanza ya kujivinjari ikiharibika, huenda ya pili isiwepo.

Kosa lenyewe ni la hesabu. Kijana huipima safari kwa kilomita, ilhali mwili wa mzee huipima kwa muda uliotumika kukaa kitako. Utafiti uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2007 ulionyesha kwamba hatari ya damu kuganda ndani ya mishipa huongezeka karibu maradufu mtu anaposafiri akiwa ameketi bila kujisogeza kwa muda wa saa nne au zaidi, iwe ni katika ndege, treni, basi au gari dogo. Kwa mtu mwenye afya njema hatari hiyo bado ni ndogo, takriban mtu mmoja kati ya 6,000. Kwa mzee mnene, aliyefanyiwa upasuaji hivi karibuni au aliyewahi kuugua tatizo hilo, hesabu ni nyingine, na anapaswa kumwona daktari kabla tiketi hazijanunuliwa.

Kutokana na hayo, kipimo kimoja chatosha kuongoza mpango mzima: kila siku ya safari iwe na takriban muda wa saa nne tu za kuketi, na panapotumika gari, lisimame kila baada ya muda wa saa moja unusu au mbili. Lisimame bila mtu kuomba.

Hapa ndipo adabu za Kiafrika hugeuka kuwa hatari. Mzee mwenye kisukari, au mwenye matatizo ya tezi ya kibofu, huhitaji kwenda msalani mara kwa mara. Hata hivyo, ni wazee wachache watakaomwambia mkwe wao anayeendesha gari kwamba wamebanwa. Njia wanayoitumia ni kukataa maji. Mama anapewa chupa asubuhi Nairobi na kuishuka nayo Mombasa ikiwa imejaa. Ikiwa pia anameza dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo, ukosefu huo wa maji pamoja na joto la Pwani unaweza kumletea kizunguzungu akaanguka. Wanaodhani kuwa mama hapendi maji wangefaa kumuuliza dereva alisimama wapi na mara ngapi.

Kwa msafiri anayetoka magharibi mwa nchi, siku ya kwanza inafaa kuishia Nakuru. Kutoka Kisumu kupitia Kericho ni mwendo wa takriban kilomita 185, na sehemu kubwa ya njia hiyo ina mengi ya kutazamwa. Mashamba ya majanichai ya Kericho yamepangika kama jamvi juu ya vilima, na mzee aliyewahi kulima chai atataka kushuka aone yalivyopogolewa. Aachwe ashuke. Hakuna anayengojewa Nakuru.

Jioni ya Nakuru ni ya baridi, kwa hivyo sweta isizikwe chini ya sanduku kwa madai kwamba waendako ni kwenye joto. Kesho yake, njia ya juu inayopita karibu na Kimende humpa msafiri mandhari ya Bonde la Ufa, Mlima Longonot ukiwa umejitenga chini. Wapitao barabara ya chini ya Maai Mahiu watakuta kanisa dogo la Kikatoliki kando ya lami, lililojengwa mwaka wa 1942 na Waitaliano waliokuwa wafungwa wa vita. Ni dogo mno kiasi kwamba wengi hulipita bila kuliona. Nairobi ni pa kulala, si pa kuunganisha safari.

Kuanzia hapo, treni ndiyo mwafaka. Huduma ya abiria ya reli ya kisasa, SGR, iliyozinduliwa Mei 31, 2017, imepunguza mashaka ya barabara ya Mombasa yenye malori na mabasi yanayopitana usiku kucha. Ndani ya treni mzee anaweza kusimama, kutembea kidogo na kwenda msalani bila kutoa taarifa kwa ukoo mzima.

Treni za kutoka Nairobi zimekuwa zikiondoka saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri na saa nne usiku, ingawa ni muhimu kuthibitisha ratiba kabla ya kulipa. Vijana huipenda ya alasiri kwa kuwa ni ya kasi, na ya usiku kwa kuwa haipotezi siku. Ya asubuhi, ambayo husimama Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani, huonekana kama ya watu wasio na haraka. Hiyo ndiyo ya wazee. Ya alasiri huikuta giza njiani, na ya usiku haionyeshi chochote.

Inafaa kukumbuka kwamba hata gari moshi la zamani, ambalo wazee wengi hulisimulia kwa mapenzi, lilikuwa la usiku. Liliondoka Nairobi jioni na kuingia Mombasa asubuhi likiwa na bahati, adhuhuri likiwa halina. Reli yake ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi mwaka wa 1899 na Kisumu mwaka wa 1901. Huduma ya abiria kwenye njia hiyo kati ya Nairobi na Mombasa ilikoma mwaka wa 2017 ilipoingia ile mpya. Mzee aliyeipanda akiwa kijana aliipita Tsavo akiwa usingizini. Kumpeleka mchana ni kumwonyesha kwa mara ya kwanza nchi aliyoivuka mara nyingi.

Na kuna ya kuonekana. Anayepata kiti cha dirishani upande wa kulia, treni ikielekea Mombasa, ataviona vilima vya Chyulu, na asubuhi isiyo na mawingu huenda akauona Mlima Kilimanjaro nyuma yake. Upande wa kushoto, kwa mwendo mrefu, kuna uwanda wa Yatta ulioinuka na kunyooka juu kama ukuta. Huo ni mto wa lava iliyoganda, na huhesabiwa miongoni mwa mirefu zaidi duniani. Treni inapoingia Tsavo, tuta la reli huwa juu kiasi cha kumwezesha abiria kuwaona ndovu kwa mbali, wekundu kwa vumbi la udongo wa huko. Ni mbuga hiyo ambamo simba wawili waliwaua wajenzi wa reli mwaka wa 1898, kisa ambacho hakuna babu atakayekosa kuwasimulia wajukuu akipewa nafasi.

Msimu nao una uzito wake. Kati ya Julai na Oktoba, nyasi na majani ya Tsavo huwa yamekauka na wanyama huonekana kwa urahisi, huku Pwani ikiwa na upepo wa kusi na joto la wastani. Januari hadi Machi joto hupanda sana. Mvua kubwa hunyesha Aprili na Mei. Desemba, watu wote na shemeji zao wako Mombasa. Wazee hawafungwi na kalenda ya shule, na ni ajabu kwamba wengi wao husafirishwa wakati uleule ambapo shule zimefungwa na tiketi zimeadimika. Juni, Julai, na Septemba baada ya wanafunzi kurejea darasani, ndiyo miezi yao.

Tiketi zenyewe hununuliwa kwa simu kupitia *639#, kwa intaneti au stesheni, na majina lazima yalingane na ya kitambulisho. Tangu Januari 2024, nauli ya safari nzima ya Nairobi hadi Mombasa imekuwa Sh1,500 daraja la kawaida na Sh4,500 daraja la kwanza. Tofauti hiyo si ya fahari tu. Katika daraja la kawaida viti vimenyooka, abiria huketi wakitazamana, na magoti ya mmoja hukaribiana na ya mwenzake. Kijana hustahimili. Mgonjwa wa mgongo hujuta kabla ya Emali.

Lipo jambo jingine kuhusu viti hivyo ambalo hakuna anayelitaja wakati wa kulipia. Katika jamii kadhaa za magharibi mwa Kenya, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawaketi wakitazamana kwa karibu, wala hawali pamoja ovyo. Kuwaweka wawili hao goti kwa goti kwa nusu siku ni kumharibia mama safari yake yote, na hatasema neno. Atakitazama kidirisha tu, na watu watadhani anafurahia mandhari. Mpangaji mwenye busara hugawa viti mapema: mama na bintiye upande mmoja, mkwe safu nyingine. Katika gari, vivyo hivyo.

Kuhusu gharama, ukweli ni kwamba wazee wengi hawawezi kujilipia. Mpango wa Inua Jamii huwapa walio na miaka 70 na zaidi Sh2,000 kwa mwezi. Tiketi moja ya daraja la kawaida, ya kwenda tu, hula robo tatu yake. Ndugu wanaochanga ni heri wapunguze siku mbili za hoteli na kuzielekeza fedha hizo kwenye viti vizuri na kituo cha mapumziko njiani.

Isisahaulike pia kwamba safari ya treni huanza kabla ya treni. Stesheni kuu ya Nairobi iko Syokimau, nje ya katikati ya jiji, na abiria hutakiwa kufika mapema kwa ukaguzi. Mizigo hupangwa chini inuswe na mbwa, kisha hupitishwa kwenye mitambo, na kuna mwendo wa miguu usio mfupi hadi kwenye behewa. Mtu asiyeweza kusimama kwa muda aombewe kiti cha magurudumu mapema kutoka kwa wahudumu. Mzigo uwe mwepissi wa kuinuliwa na mtu mmoja. Kuku hai, visu na pombe havipandi treni, na ni vyema bibi aambiwe hivyo akiwa bado kijijini.

Dawa zisiwekwe sandukuni. Zikae kwenye mkoba wa mkononi, zikiwa za siku kadhaa zaidi ya zile za safari, pamoja na karatasi yenye majina ya dawa hizo na vipimo vyake. Insulini isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Ikitunzwa katika chombo chenye ubaridi huwa salama, lakini isigandishwe kwa barafu.

Hata treni ya asubuhi, ukijumlisha muda wa kufika Syokimau, ukaguzi, safari yenyewe na teksi kutoka Miritini hadi hotelini, huwa siku ndefu. Ndiyo maana Voi, ambako wengi hupita wakilala, ndiyo iwe moyo wa safari hii. Kutoka Nairobi hadi hapo ni takriban muda wa saa nne. Treni haikai sana kituoni, kwa hivyo mzee aanze kuinuka na mizigo iteremshwe kabla ya kusimama. Anashuka, anakula chakula cha mchana, anajinyoosha, na jioni anawatazama ndovu akiwa ameketi kwenye kiti. Baadhi ya hoteli za pale zinatazamana na Tsavo Mashariki, na mtu haitaji kurushwarushwa ndani ya gari la kitalii ili aone mnyama.

Kesho yake kuna Taita. Barabara ya lami hupitia Mwatate na kupanda kwa kona nyingi hadi Wundanyi, na baada ya nusu siku mzee aliyekuwa akijipepea huanza kuuliza sweta iko wapi. Ni nchi ya matuta ya mashamba, mapango ya matambiko yaliyohifadhi mafuvu ya wahenga, na mabaki ya misitu yenye ndege wasiopatikana kwingineko duniani. Anayependa historia anaweza kuelekezwa upande wa Taveta, ambako majeshi ya Uingereza na Ujerumani yalipambana kwenye kilima cha Salaita mnamo Februari 1916. Mbele yake liko Ziwa Chala, lililo ndani ya shimo la volkano kwenye mpaka na Tanzania. Kulishukia ni kwa wenye miguu. Kulitazama kutoka ukingoni hakuhitaji chochote.

Baada ya siku mbili Voi, kipande kilichosalia hadi Mombasa ni kifupi, na mzee hufika akiwa na nguvu za kutembea. Hilo ndilo lililokuwa likitafutwa.

Mombasa kwenyewe hakuhitaji ratiba ndefu. Mji wa Kale utembelewe asubuhi mapema, kabla jua halijachoma, na baada ya mahamri na mbaazi. Mbaazi ziliwe kwa kiasi. Tui la nazi si mchezo kwa tumbo lililozoea sukuma wiki. Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka wa 1593 na kuorodheshwa na UNESCO mwaka wa 2011, ina miteremko na sakafu zisizo sawa, kwa hivyo bakora si aibu. Katika bustani ya Haller huko Bamburi, iliyokuwa machimbo ya kampuni ya saruji, njia ni tambarare na zina vivuli. Hapo ndipo kobe mkongwe aliyeitwa Mzee alipofanya urafiki na Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004. Wajukuu huja kwa ajili ya kiboko. Wazee humhurumia kobe.

Kwa wanaopenda pwani ya kusini, si lazima tena kusongamana kwenye feri ya Likoni. Barabara ya Dongo Kundu, ambayo daraja lake la Mteza lilianza kutumika mwaka wa 2024, hulipeleka gari hadi upande huo bila kugusa kivuko. Kaskazini, magofu ya Gede yaliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka huohuo wa 2024. Yako ndani ya msitu, ardhi yake ni sawa na vivuli ni tele, na mtu anaweza kuketi juu ya jiwe akajiuliza wakazi wa mji mzima walikwenda wapi. Gari liondoke Mombasa mapema, kwa sababu msongamano wa Mtwapa haumwonei mtu haya kwa mvi zake.

Usiku, chandarua kilichotiwa dawa kitumike hata kama chumba kina kipozahewa. Wazee wanaotoka maeneo ya baridi kama Nyeri au Nyandarua hawana kinga ya malaria waliyo nayo wenyeji, na kwao ugonjwa huo unaweza kuwa mkali kwa haraka. Dalili huweza kuanza wiki moja au zaidi baada ya kuumwa na mbu, yaani wakati ambapo mzee amesharudi kwake na hakuna anayeikumbuka Mombasa. Akipata homa katika wiki zinazofuata, apelekwe kupimwa, na mhudumu wa afya aambiwe mgonjwa alikuwa Pwani.

Kurudi kuwe vivyo hivyo, kwa treni ya asubuhi na usiku mmoja wa kulala Nairobi kabla ya kushika barabara ya Nakuru. Na tarehe ya kurudi isiwekwe mkesha wa harusi, mazishi wala mkutano wa ukoo. Mzee apewe angalau siku tatu nyumbani kwake bila mgeni, ila wale majirani watakaopita jioni kuuliza kama kweli ndovu wa huko ni wekundu.